Kuwashika mkono mwaka wa kwanza ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo

Mleta mada, umeuliza muwasaidieje hapa Dodoma wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao ndio wa kwanza kusoma chuo katika familia zao. Umesema mliwaita wote ukumbini, siku ya kwanza ukajaa, siku ya pili hakuja mtu. Tatizo lilianzia kwenye huo ukumbi. Kijana aliyetoka shule ya kata Chemba au Manyoni hawezi kusimama mbele ya watu mia mbili aseme hajui kozi weki (alama za testi na kazi za muhula, kabla ya mtihani wa mwisho) ni nini. Akili anayo. Ila wenzake walishaambiwa na kaka zao mambo ambayo hayajaandikwa kwenye ubao wowote wa matangazo, na yeye anaona aibu kuuliza kitu ambacho anadhani kila mtu anakijua.

Wagaweni watano watano, wasizidi sita, kila kikundi kiwe na kaka mmoja na dada mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu, ikiwezekana wa kozi hiyohiyo. Wakizidi hapo, lazima yupo atakayejificha nyuma ya wasemaji. Mkutane mara moja kwa wiki, siku ileile, kimbweta kilekile (meza na mabenchi ya nje ya kujisomea), dakika 45. Kwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) chagueni kimbweta cha karibu na hosteli zao, maana ndaki, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu, zimeachana mno na mtu aliyechoka hatatembea umbali wote ule jioni. Grupu la WhatsApp liwe la kukumbushana saa tu. Humo hakuna atakayeandika kwamba analia usiku.

Msiulize "mnaendeleaje?" Mtajibiwa "poa" na kikao kitakuwa kimeisha. Ulizeni vitu vinavyojibika: jana umekula mara ngapi? Kipindi gani wiki hii umetoka hujaelewa hata kidogo? Ukiacha rumumeti wako, umeongea na nani? Kaka au dada ndiye aanze kujibu, na ajibu kweli. Akisema hakuelewa takwimu mwaka mzima mpaka alipomfuata mwalimu ofisini, wengine watafunguka. Akianza kuhubiri juu ya kujituma, wiki ijayo mtabaki wawili.

Wiki ngumu kuliko zote ni ile matokeo ya testi ya kwanza yanapobandikwa. Huyu ni mtoto aliyesifiwa kijiji kizima kwa division one, sasa ana 5 kati ya 15, anaamini ameshadisko, yaani ameshafukuzwa chuo kwa kufeli. Kaeni naye na kalamu. Kwa mgawanyo wa kawaida wa 40 za kozi weki na 60 za mtihani wa mwisho, amepoteza alama 10, na alama 85 bado hazijaguswa. Kisha mwonesheni sapu (mtihani wa marudio) ni nini, kudisko ni nini, na wastani gani unahitajika, mkisoma naye kanuni za mitihani za chuo chenu, si maneno ya koridoni. Hofu hupungua sana mtu akiona tarakimu zake mwenyewe. Siku inayofuata msindikizeni kwa mwalimu, mpaka mlangoni. Mwandalieni na sentensi ya kuanzia, maana wengi wanachoogopa ni Kiingereza kuliko mwalimu mwenyewe.

La pili ni bumu, hela ya mkopo wa serikali ya kujikimu chuoni, na hili linaumiza kimyakimya. Nyumbani wanajua mtoto analipwa na serikali. Vijiji vyetu vya kanda ya kati vinategemea mvua moja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Januari na Februari ghala limekauka na mavuno bado. Ndiyo miezi ya kujiandaa na mitihani, na ndipo simu za nyumbani zinapozidi. Anatuma, halafu anashinda na chai. Msimwambie asitume, ni mama yake, na njaa ni ya kweli. Msaidieni kupiga hesabu kabla hajasaini kupokea bumu. Kwa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, awamu ya siku 60 ni 600,000. Mfundisheni aseme hivi: "Mama, hela hii ni ya kula siku sitini. Nikituma laki mbili, siku ishirini sina chakula. Naweza kutuma elfu arobaini leo." Mzazi ambaye hajawahi kuona chuo haelewi neno bajeti la mwanawe, ila siku ishirini bila chakula anazielewa vizuri sana.

Kaka na dada wasikopeshe hela, hata elfu tano. Mwenye deni huacha kuja kikaoni. Na kaka asianzishe mapenzi na binti wa kikundi chake. Likitokea, abadilishwe kikundi siku hiyohiyo. Mabinti wakishaona ni mtego hawarudi.

Anayetaka kurudi nyumbani asiondoke kimya. Wengi hupanda basi wakidhani watarudi mwakani, wakati chuo kinawahesabu watoro. Kuahirisha masomo kuna barua, kuna vielelezo, na huombwa kabla ya mitihani. Dada au kaka aende naye ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi.

Siri za kikundi zibaki kwenye kikundi, isipokuwa moja, na hiyo waambieni tangu kikao cha kwanza. Mtu akianza kugawa vitu vyake, akilala mchana kutwa, au akisema afadhali asingekuwepo, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda msalani, ondoeni dawa na vitu vya hatari rumuni, mpelekeni usiku huohuo hospitali au zahanati ya chuo, na Mlezi wa Wanafunzi aarifiwe. Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Jina lake linatumika kama tusi mitaani, kwa hiyo yeyote kati yenu anayelitania aache kabla vikundi havijaanza, la sivyo siku likihitajika mgonjwa atakataa kwenda.

Muhula wa pili msisubiri watu waje wenyewe. Wiki ya kwanza kila dada na kaka apige simu kwa watano wake, aanze na yule ambaye Januari hakuwa anaongea.