"Utanilipa Ngapi?"

*Shangazi, miezi mitatu iliyopita nilibandika karatasi ukutani: kuosha vyombo bei yake, kufagia bei yake, kutandika kitanda bei yake. Nyumba ikang'aa. Juzi nimelala na homa, nikamwomba wa miaka 9 aniletee maji ya kunywa. Akasimama mlangoni: "Utanilipa ngapi?" Wa miaka 12 naye ameacha kazi kabisa, anasema hela alizonazo zinamtosha. Nimekosea wapi? – Mama wa Watatu*

Mama wa Watatu, pole kwa homa, na pole zaidi kwa swali hilo la mlangoni. Najua lilivyokuchoma. Lakini mwanao hana roho mbaya. Ameisoma karatasi yako vizuri tu: kila kazi ina bei, na maji ya mgonjwa hayakuandikwa, basi akauliza. Mkubwa naye, ukishamfanya kibarua, ana haki ya kusema leo sina shida na hela.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti chenye utepe. Baada ya wiki moja au mbili, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Vyombo vichafu havipendwi kama kuchora, nakubali, ila ujira una tabia hiyo ya kuifukuza hamu.

Kwa hiyo ibandue karatasi, tena mbele yao, na uwaambie wazi kwamba mama alikosea. Usione aibu. Kazi za nyumbani zigawe kwa zamu, bila malipo, kwa sababu wote wanakula na kulala humo. Huyo wa tatu hukunitajia umri wake, lakini hata kupanga vijiko anaweza.

Hela ya matumizi iwe jambo lingine kabisa: kiasi kidogo, siku ileile kila wiki, na usiikate kwa sababu ya zamu iliyorukwa. Wengi watanibishia hapa. Lakini ukiikata tu, umeirudisha ile karatasi ukutani. Aliyeruka zamu asitoke kucheza mpaka vyombo viishe. Kazi ya kulipa iwe ile ambayo ungemwita mtu wa nje aifanye, kama kupaka rangi uzio, na anayetaka ajitolee mwenyewe.

Kisha waache wakosee. Mmoja atamaliza hela zote kwa kichezeo kitakachovunjika kabla ya jioni, atakuja na vipande mkononi, machozi yanamtoka. Mfute machozi, mkumbatie, lakini usimwongezee hata senti. Hapo ndipo utakapopata shida kuliko kwenye vyombo.

Na huyo wa miaka 9, mpe zamu ya kuweka maji ya kunywa mezani kila jioni. Akikuletea glasi yako, mwite kwa jina lake, umwambie asante.