Mdogo wangu, Kiingereza peke yake hakijanitosha huku

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniandikia kutoka Mtwara mjini: "Dada, mtoto nimempeleka shule ya Kiingereza. Nyumbani nimepiga marufuku Kimakonde, na Kiswahili nakipunguza. Nataka aje huko akiwa ameiva. Nimekosea?" Wengi mnaniuliza hivyo hivyo, basi nawajibu kwa pamoja.

Kiingereza asome, tena akisome vizuri. Bila cheti cha mtihani wa Kiingereza nisingepata viza. Ila hilo la marufuku limeniuma.

Mimi nipo Gwynedd, kaskazini mwa Wales, nalea wazee. Nilikuja nikijua Uingereza ni Kiingereza tu. Wiki ya kwanza kazini nikakabidhiwa bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Kiingereza alikisema miaka na miaka, lakini akili ilipoanza kumtoka, kilichotangulia kuondoka ni hicho. Nikampelekea chai, nikambembeleza kwa Kiingereza changu cha cheti, akageukia ukutani. Mwenzangu, mzaliwa wa pale, akainama akasema neno moja: "Panad?" Ni chai hiyo hiyo, kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales. Bibi akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe.

Usiku ule nilimlilia bibi yetu wa Newala. Wewe hukumbuki, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi nilipofuatana naye hospitali. Alijua Kimakonde tu. Muuguzi akaniamuru nitafsiri, huku akicheka kwamba mtu mzima hajui Kiswahili. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sehemu za siri. Bibi akanitazama mimi mjukuu wake, akashindwa kuutaja. Akasema kichwa. Tukarudi na panadoli.

Huku mgonjwa kuhudumiwa kwa lugha yake kuna sheria, na haikuja bure. Mwaka 1536 Bunge la Uingereza lilikitoa Kiwelisi mahakamani na kwenye vyeo. Karne ya 19 mtoto aliyesikika akikisema shuleni alivikwa kipande cha ubao shingoni. Kibao hicho tunakijua. Zipo shule kwetu zinazomvika mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili. Wenzetu wa Wales walipigana. Walipaka rangi alama za barabarani zilizoandikwa Kiingereza tupu, wakakamatwa, wakafungwa. Mwaka 1980 mwanasiasa wao, Gwynfor Evans, alitangaza atagoma kula hadi afe iwapo serikali haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikalegea, na mwaka 1982 televisheni hiyo, S4C, ikaanza kurusha matangazo. Tangu 2011 Kiwelisi ni lugha rasmi kisheria, na siku hizi mgonjwa anatakiwa aulizwe lugha anayotaka kuhudumiwa nayo, asingoje hadi aombe. Wasemaji wenyewe, kwa sensa ya 2021, ni kama 538,000. Mkoa wa Mtwara peke yake ulihesabu watu zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2022.

Sikufichi, haki hiyo nami imenikata. Ilipotoka nafasi ya msimamizi wa zamu walitaka anayejua Kiwelisi. Miaka minne yangu kazini ikawekwa kando, akapewa aliyekuja mwaka jana. Nilikasirika, na bado inaniuma. Lakini nikijiuliza ningetaka nani awe zamu siku ile bibi yetu alipofikishwa hospitali, nakosa la kubisha. Sasa Jumanne jioni nasoma Kiwelisi.

Na usidhani mkosaji ni Kiingereza tu. Tulifurahi mwaka 2021 sheria ilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama, maana watu walikuwa wanahukumiwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Nilifurahi mno. Lakini Kiswahili hicho hicho, kinachosukumwa pembeni mtoto akiingia sekondari, ndicho alichochekewa nacho bibi. Redioni hasikiki Mmakonde akisema kikwao, wala Mmwera wa Lindi, wala Mmakua wa Masasi. Tukifika Dar tunaficha lafudhi ili tusiitwe washamba. Mimi niliificha miaka mingi, na leo Kimakonde nakielewa chote lakini kukisema nakwama.

Marufuku hiyo iondoe. Mtoto asome Kiingereza shuleni, nyumbani muachie ulimi wake. Korosho zikianza kuanguka mpeleke Newala kwa mama, akae huko likizo yote. Jumapili mkiwa pamoja nipigieni, simu apewe yeye na mama waongee Kimakonde. Mimi nitasikiliza tu.