Amani: jina la kiume au la kike, na hutamkwaje

Jina Amani ni la wote wawili, na hutamkwa a-MA-ni: mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, irabu zote wazi. Amani Abeid Karume, Rais wa Zanzibar 2000 hadi 2010, ni mwanamume, na wasichana wenye jina hilo wapo tele.

Angalizo kubwa ni kwa mnaoishi Omani au Ghuba. Amani yetu imetokana na neno la Kiarabu “aman”, yaani usalama, lakini masikio ya Mwarabu husikia jina jingine, “Amani” la wingi, maana yake matarajio au matamanio. Hilo ni la kike. Mvulana ataulizwa kila mara, na Wamisri huliandika Amany.

Marekani linatumika pande zote mbili. Amani Toomer aliyecheza mpira wa Kimarekani New York Giants alilitamka kama sisi. Kosa la kawaida kule ni kuweka mkazo mwanzoni, au kulichanganya na Imani na Armani.

Mkitaka kujua linapendwa kiasi gani huko, tazameni takwimu za majina ya watoto za Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ila jumlisheni wenyewe: wavulana na wasichana huhesabiwa mbali, kila tahajia ina mstari wake, na jina lililopewa watoto wasiofika watano wa jinsia moja kwa mwaka haliorodheshwi. Ndiyo maana majina ya jinsia zote huonekana adimu kuliko yalivyo.