Maswali na majibu: Weka grinda chini kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ya mwaka 1972 kutoka kwa marehemu baba. Injini imeshafufuka, sasa nataka kushughulikia miguu (springi, shokapu na viungo vyake) mwenyewe, uani kwangu hapa Tanga. Nimeagiza shokapu nne mpya za kutumbukiza ndani ya mirija ya miguu, na seti nzima ya bushi (vile vikombe laini vya kwenye viungo) za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko mpira. Springi mpya zimenishinda bei. Rafiki yangu ananishauri nikate mzingo mmoja na nusu katika kila springi kwa grinda: gari litashuka, litakuwa gumu na litashika barabara kama la mashindano. Anasema pia zikishakatwa zinafungika kwa mkono tu, hakuna haja ya kibanio cha kuminya springi. Kuna madhara yoyote? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Kwenye shokapu umefanya vyema. Bushi tutazifikia. Hiyo grinda mrudishie mwenyewe.

Swali hili haliishi kunijia, linabadilika gari tu. Leo 240Z, wiki iliyopita Celica, kabla yake Mark II ya kijana wa chuo. Na ndani yake imo imani ileile, kwamba gari gumu ndilo linaloshika barabara. Kinachoshika barabara ni mpira wa tairi ukiwa umegandamizwa chini. Tairi lililo hewani, hata kwa sentimita moja, halishiki kitu. Halikati kona wala halifungi breki. Springi kazi yake ni kuliacha tairi lipande na kushuka kufuata ardhi, na shokapu kazi yake ni kulizuia lisicheze ngoma baada ya hapo. Ukiifanya springi iwe ngumu kupita uwezo wa shokapu, gari linarukaruka. Wewe uliye ndani unahisi "limekaza", kumbe linaelea.

Tena wewe una 240Z, gari ambalo historia yake ingetosha kumnyamazisha rafiki yako. Edgar Herrmann alishinda nalo mbio za magari za East African Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Tafuta picha zake za mashindano hayo uangalie nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Mkono mzima unapita. Watu waliokuwa na kiwanda nyuma yao, wakijua watakimbia kwenye tope na mawe, waliamua gari lisimame juu. Sisi tunaopita Segera hadi Tanga mjini, na matuta yale ya Muheza, tunataka lilale kwenye lami.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ninapochoka kuliko pote. Ugumu wa springi unafuata idadi ya mizingo inayofanya kazi. Tuseme yako ina mizingo minane inayocheza. Ukitoa mmoja na nusu inabaki sita na nusu. Nane gawanya kwa sita na nusu: springi imekuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 23. Ukiishia hapo utadhani umepata faida. Lakini gari nalo limeshuka, tuseme sentimita nne. Kama tairi lilikuwa na sentimita tisa za kupanda kabla mguu haujagonga mpira wa kizuizi, sasa lina tano. Umelinyang'anya karibu nusu ya njia yake, ukaongeza ugumu kwa chini ya robo. Matokeo yake mguu utagonga kizuizi kwa mambo ambayo zamani haukuyasikia hata kidogo. Na ukigonga, pale hamna springi tena. Ni chuma juu ya bodi. Katikati ya kona tairi linateleza ghafla bila kukuonya. Na bodi yenyewe ni bati la mwaka 1972 lililokula chumvi ya bahari miaka yote hiyo.

Gari likishuka, mkono wa chini wa mbele, kile chuma kinachounganisha mguu na sehemu ya chini ya gari, nao unabadili mlalo. Ulitengenezwa ufanye kazi karibu na usawa. Sasa ncha ya nje imepanda juu kuliko ya ndani, wakati tai rodi, fimbo inayotoa usukani kwenye tairi, inafuata njia yake nyingine. Ukipita kwenye shimo, tairi linajikunja lenyewe bila wewe kugusa usukani. Usidhani utalipeleka kwa wapima matairi wakurekebishie. 240Z kama ilivyotoka kiwandani inarekebishika jambo moja tu, nalo ni matairi ya mbele kuelekea ndani au nje, kwa kupitia tai rodi. Mlalo wa tairi, yaani kuinama kwake juu ndani au nje, umefungwa, na nyuma hakuna cha kugusa kabisa. Fundi wa mashine atakuandikia namba nyekundu kwenye karatasi, atachukua pesa yake, utaondoka.

Nije kwenye lile lililonitisha katika barua yako: springi "zinafungika kwa mkono". Rafiki yako analitaja kama urahisi, wakati ndiyo kasoro yenyewe. Springi ya mguu wa namna hii inatakiwa ibanwe muda wote, hata gari likiwa juu ya jeki na tairi linaning'inia. Inayoingia bila kibanio ni inayobaki huru tairi likishuka. Niliwahi kuletewa gari, si Z, mwenyewe akilalamika kwamba tairi la mbele linaliwa ubavuni. Nikalipandisha. Springi ilikuwa imekatwa, na ilipolegea kwenye tuta mzingo wa chini ukapanda ukingo wa sahani yake na kukaa upande. Ncha iliyokatwa, kali kama kisu cha kupaa samaki, ilikuwa imechora mstari kuzunguka ubavu wote wa tairi hadi nyuzi zinaonekana. Alikuwa ametoka nalo Morogoro, na watoto nyuma.

Springi zako za zamani, kama hazina ufa na urefu wa kushoto na kulia unalingana, zirudishe kama zilivyo. Shokapu mpya na springi za kiwanda zitakupa gari ambalo hujawahi kuliendesha. Weka akiba polepole. Siku moja utanunua seti iliyotengenezwa kwa ajili ya Z. Kibanio kaazime au kakodi, na kiwe kizima. Kamba, waya wa kufungia nondo na mnyororo wa baiskeli nimeviona vyote vikitumika. Ile nati ya juu katikati usiiguse kabla springi haijabanwa, na uso wako usiwe juu yake hata ikiwa imebanwa. Gari likae juu ya stendi, si matofali.

Ukiingiza shokapu ndani ya mrija, hakikisha haichezi kabla hujakaza nati kubwa ya juu, na mimina oili kidogo kwenye mrija kwanza ili joto lipate njia ya kutoka. Nyuma utakutana na pini ndefu inayoshikilia mkono wa chini. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha tabia yako. Toa kwanza kipini kidogo kinachoifunga katikati, uilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu, na usiipige nyundo kwenye uzi ulio wazi. Ikitanuka kichwa hapo haitoki tena ila kwa kukatwa.

Bushi sasa. Poliyurethani si mbaya, lakini haistahili kila mahali. Kuna fimbo ya mbele inayouzuia mkono wa chini usiende mbele wala nyuma, na mwisho wake umeshikwa na bushi mbili, moja kila upande wa bati. Fimbo hiyo inahitaji kujipinda kidogo kila tairi linapopanda. Ukiweka bushi ngumu pande zote mbili, haipindi tena kwenye mpira, inapinda kwenye chuma, na chuma kina siku zake. Fimbo za Z zimekatika kwa sababu hiyo, na ikikatika wakati wa breki, tairi linarudi nyuma. Hapo weka mpira. Kwingine weka hizo ulizonunua, uzipake grisi yake. Bushi za mpira utakazobakiza, usizikaze gari likiwa juu ya stendi. Lishushe likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze. Vinginevyo mpira unakaa umejisokota na hautamaliza mwaka. Na kabla ya yote hayo, chukua bisibisi ugongegonge bati pale fimbo hiyo inaposhikiwa, na juu ya vichwa vya miguu, pale miguu inapofungwa kwenye bodi. Bisibisi ikizama, acha kila kitu umtafute mchomeleaji.

Nikiwa bado na hasira, niongeze jambo ambalo hukuuliza. Kukata springi kuna ndugu zake. Yupo anayezichoma kwa gesi mpaka zikae chini; huyo anaua chuma chenyewe, maana springi iliyopashwa hadi ikawa nyekundu haina tena ule ukaidi wake wa kurudi. Yupo anayetoboa shokapu iliyokufa, anajaza oili ya gia, anaziba kwa kuchomelea, anaipaka rangi nyeusi na kukwambia "nimekufufulia". Inakuwa ngumu siku chache, wateja wanafurahi, kwa sababu wameshafundishwa kwamba ugumu ni uzima. Wapo na wauza vipande vya mpira vya kupachika katikati ya mizingo. Kinachofanyika ni kuizuia mizingo miwili isicheze, yaani springi imekatwa bila grinda, na kazi yote ya kucheza inahamia kwa iliyobaki.

Magari yaliyofanyiwa hivi yanauzwa kila siku, na tangazo linasema "imeshushwa kimichezo". Ukienda kulitazama, beba jeki. Inua upande mmoja mpaka tairi lining'inie, ingiza mkono, shika springi uizungushe. Ikizunguka, mwachie mwenyewe ufunguo wake.