Wakio, nani alikuwa ameshika usukani?

Mwanangu Wakio,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Ya tatu mama yako alikuwa kando yangu, akacheka kwamba mtu amevuka bahari yote hiyo ili amuulize babake habari za kaseti. Unasema mlikuwa dukani huko Dallas, wimbo wa LeAnn Rimes, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, ukapigwa, mwenzako wa kazini akakunja uso: huyu alianza vizuri kisha akapotea njia. Nawe unataka kujua kama ni kweli, kwa kuwa ni mimi niliyekujaza sauti ya huyo binti ndani ya lori kila likizo ya Agosti.

Kwanza ujue uko kwao. Alizaliwa Mississippi mwaka 1982, lakini alikulia Garland, hapo hapo ubavuni mwa Dallas. Hata wimbo uliomtoa ni wa mtangazaji wa redio wa Texas, Bill Mack, ambaye alikuwa ameurekodi mwenyewe tangu miaka ya 1950. Mwaka 1996 "Blue" ikatoka upya katika sauti ya mtoto wa miaka 13. Unakumbuka pale sauti inapopasuka na kuruka juu, kama mtu anayezuia kwikwi? Mara ya kwanza niliusikia nikiwa kwenye foleni ya malori Malaba, nikaapa ni Patsy Cline, yule mama wa kantri wa zamani. Na Patsy alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1963, mimi bado nachunga mbuzi.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Ikaenezwa hadithi kwamba wimbo ulitungwa kwa ajili ya Patsy, ukabaki yatima ukimngoja mrithi. (Kuna waliokuwa wameshauimba hapo katikati, ila hiyo haiuzi kaseti.) Februari 1997, akiwa na miaka 14, LeAnn akaondoka na tuzo mbili za Grammy, ya msanii mpya bora na ya mwimbaji bora wa kike wa kantri. Wahakiki walimpenda, lakini ukitazama vizuri walikuwa wakimpenda marehemu. Walimpa heshima kwa kuwa ni mtoto anayeimba kama mama wa zamani, na mtoto atakua tu, hata umzuie.

Huo mliousikia dukani, "How Do I Live", ulitungwa na Diane Warren kwa ajili ya filamu ya Con Air. LeAnn aliurekodi, wenye filamu wakaukataa, wakampa Trisha Yearwood, mtu mzima. Matoleo yote mawili yakaingia sokoni siku moja, Mei 1997. Redio za kantri zikalikumbatia la Yearwood, la LeAnn zikaliona ni pop. Wanunuzi nao wakaenda kwa LeAnn: wiki 69 kwenye chati kuu ya nyimbo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, rekodi ya wakati huo. Mwaka 1998 wote wawili wakashindania Grammy moja ya kantri kwa wimbo huo huo, ikaenda kwa Yearwood. Sasa binti wa miaka 15 afanyeje kesho yake, arudi kwa Patsy au awafuate waliomnunua? (Usimwambie mwenzako: mimi napenda la Yearwood. La LeAnn lina haraka.)

Alifanya yote. Nyimbo za kutia moyo, halafu mwaka 1999 albamu karibu nzima ya nyimbo za wazee, za Patsy zikiwemo. Mwaka uliofuata wimbo wa filamu nyingine, wa kucheza disko, usio na kantri hata chembe. Mwaka 2002 albamu ya pop kabisa. Ukitazama kutoka kando ya barabara utasema hilo gari halina dereva. Mimi niliyeendesha miaka 26 nakwambia madereva walikuwepo, tena wamejaa kwenye kiti kimoja. Babake alikuwa meneja wake, na ndiye pia aliyesimamia rekodi zake studioni. Mkataba na kampuni ya rekodi ulitiwa saini akiwa na miaka 12. Mwaka 2000 alimfikisha babake mahakamani, akidai kwamba mzee huyo na meneja mwenzake walijichukulia mamilioni ya dola zake. Kisha akaishtaki kampuni ili atoke kwenye mkataba. Mapema 2001 kampuni ikatoa albamu ambayo yeye mwenyewe aliikana hadharani.

Kwa hiyo huyo mwenzako anapouliza binti alipotelea wapi, mwulize ni lini alikuwa amepewa usukani. Ninavyosikia mimi, ilikuwa mwaka 2007, kwenye albamu ya Family, ambayo nyimbo zake alishiriki kuzitunga. Alikuwa na miaka 25. Kuna kantri, kuna bluzi, kuna kelele kidogo, na haombi ruhusa ya Patsy. Haikuuzwa kama zile za utotoni. Miye ndiyo ninayoirudia.

Ile kesi ya babake niliisoma gazetini nikiwa Voi, nikaikunja upesi kana kwamba imeandikwa kunihusu. Senti yako sijawahi kuigusa, unajua. Lakini ile fomu ya chuo cha uuguzi niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu, na wewe ulikuwa umeniambia mara mbili kwamba unataka muziki. Sijui kama ndilo ulilokuwa ukiniuliza. Kama ndilo, nipigie Jumapili, mama yako akiwa kanisani.

Kaseti ya "Blue" bado ipo, utepe umetafunwa pale pale kwenye kwikwi. Ukija Desemba niletee hiyo Family kwenye sidii, maana hii simu inaniishia bando katikati ya wimbo.

Babako