Kadi ya wamisionari isiyo na tarehe

Umeuliza utajuaje mwaka wa postikadi ya wamisionari isiyo na tarehe. Igeuze. Kama upande wa nyuma wote ni wa anwani, na salamu zimebanwa pembeni mwa picha, huenda ni ya kabla ya 1902 ikiwa ya Uingereza, au kabla ya 1907 ikiwa ya Marekani. Miaka hiyo ndipo ukaruhusiwa mstari wa kugawa upande wa nyuma katikati, nusu ya ujumbe na nusu ya anwani. Ila picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi, maana mashirika ya wamisionari yalichapa picha zilezile tena na tena kuchangisha fedha. Maelezo yaliyo chini ya picha yasome kwa tahadhari: yaliandikiwa wafadhili, ndiyo maana mara nyingi padri ana jina, wenzake pichani ni “waongofu” tu. Ukiwaandikia watunza nyaraka wa shirika, tuma nakala ya pande zote mbili za kadi.