Mume alipotea wakati wa kukimbia vita: je, ndoa imevunjika?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mkimbizi kutoka Kiwanja, Rutshuru, mashariki mwa Kongo, naishi kambi ya Nakivale, Uganda, na watoto wangu watatu. Tulikimbia Oktoba 2022 waasi wa M23 walipoingia. Mume wangu alituambia tutangulie Ishasha mpakani, atafunga duka atufuate. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani, wala hakuna aliyemwona. Sasa kuna Mwislamu Mrundi, jirani, anataka kunioa. Imamu mmoja aliniambia ikipita miaka miwili ndoa inakatika yenyewe. Mwingine akasema nikae mpaka nithibitishe kifo, hata ikiwa ni miaka 40. Wengine wananiambia sina haki ya kulalamika kwa sababu chakula napewa na UN. Walii wangu, yaani wa kuniozesha, ni kaka yangu, naye yuko kambi ya Kyangwali. Nifanye nini?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu. Mwenyezi Mungu akufariji, na akulindie watoto.

Ndoa yako bado ipo. Haikukatika kwa miaka miwili, na haitakatika yenyewe hata ipite 20. Lakini sheria haikukuhukumu kukaa hivyo maisha yako yote. Kinachoivunja ni hukumu ya kadhi baada ya mume kutafutwa, kisha unakaa eda, yaani muda wa kungoja, kisha ndipo unaolewa. Mpangilio huo ukigeuzwa, nikahi ya pili ni batili hata ikisomwa na imamu mbele ya watu mia.

Hao maimamu wawili, wa kwanza hana msingi wowote ninaoujua katika madhehebu manne. Wa pili ana msingi: ndiyo kauli mpya ya Imamu Shafi, kwamba mke wa mafkudi, yaani mtu aliyepotea habari zake, hubaki mkewe mpaka kifo au talaka ithibitike. Imepokewa hivyo kutoka kwa Ali, radhi za Allah ziwe juu yake. Alichokosea imamu huyo ni kuishia hapo, kana kwamba kupotea kwa mume ndiyo sababu pekee unayoweza kumpelekea kadhi.

Umar bin Khattab alihukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda ya miezi 4 na siku 10, kisha ni halali kuolewa. Imamu Malik alilishika hilo, na Imamu Ahmad akalishika kwa mtu aliyepotea katika hali ambayo wengi hufa, kama vita au chombo kuzama. Hapa watu wengi kambini hukosea hesabu. Kwa Wamaliki miaka 4 haianzi siku mliyoachana njiani. Inaanza pale kadhi anapopelekewa jambo, akamtafuta mume akakosa habari, akakupangia muda. Mwanamke aliyekaa miaka 10 kimya kisha akaja, hesabu yake inaanza upya. Kwa hiyo usiseme "Oktoba 2026 nitakuwa huru", maana huenda miaka yote hiyo haijahesabiwa hata siku moja.

Kwa hali yako mimi sikushauri njia ya miaka 4. Nakushauri faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya kukosa matumizi na kupata madhara. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya 231, msiwaweke wanawake kwa kuwadhuru. Na katika Suratun Nisaa, aya 129, amekataza mke kuachwa kama aliyetundikwa, si mwenye mume wala si asiye na mume. Umar huyo huyo aliwaandikia maamiri wa majeshi kuhusu wanaume waliokuwa mbali na wake zao: watoe matumizi au watoe talaka, na wakitoa talaka walete na matumizi ya muda wote waliowazuilia. Ndani ya Ushafi wenyewe, madhehebu yetu watu wa Afrika Mashariki, wako wanavyuoni wa baadaye, hasa wa Yemen na Hadhramaut, walioruhusu faskhi kwa mke ambaye mume wake hayupo na matumizi hayawezi kupatikana kwake. Basi kadhi wa Kishafi akikufungulia kwa njia hii hajatoka nje ya madhehebu yake.

Ama neno la kwamba UN inakulisha, halina uzito. Nafaka au pesa ya mgao ni msaada. Si matumizi ya mumeo. Wanavyuoni wa Kishafi wameandika wazi kwamba hata mtu akijitolea kumlisha mke wa mwenzake, mke halazimiki kupokea, na haki yake ya kudai faskhi iko palepale, kwa sababu matumizi ni deni la mume na kupokea hisani kuna uzito wake moyoni. Nalisema hili kwa nguvu maana nimeona linatumika kuwanyamazisha wanawake. Mgao umepunguzwa mara kadhaa miaka hii. Mwanamke anayelima plot yake kwa jembe la kuazima na kuuza maharage apate ada za shule hawezi kuambiwa ana mtunzaji.

Sasa hatua zenyewe. Kwanza kumtafuta, na kumtafuta kweli. Kadhi hawezi kumhukumu mtu asiyekuwepo kwa sababu tu simu yake imezimwa. Nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu walioko kambini, ueleze kwamba unataka kumtafuta ndugu. Huduma hiyo haina malipo. Chukua jina lake kamili, jina la baba yake na la mama yake, lakabu aliyojulikana nayo sokoni, mahali alipozaliwa, umri, kijiji cha mwisho, tarehe mliyoachana na picha kama ipo. Majina ndiyo huharibu kazi hii mara nyingi: mtu anayeitwa Hamisi hapa aliandikwa Amisi kule Kongo, na Khamis kwenye kambi nyingine. Taja namna zote. Ujue pia kwamba wakimpata hai hawatakupa anwani yake bila ridhaa yake. Ukipewa karatasi ya ombi lako, itunze, kwa sababu ndiyo ushahidi wako wa kwanza kwa kadhi.

Sambamba na hilo, mwombe imamu wako atangaze baada ya Ijumaa, na apeleke neno kwa maimamu wa Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, na kwa Wakongomani walioko Kampala. Upande wa Kongo, Waislamu wana jumuiya yao, COMICO. Barua kwao Goma inaweza kufika misikiti ya Rutshuru. Andika tarehe ya kila tangazo na jina la aliyelitoa. Usimlipe mtu anayesema amemwona na anataka pesa ya kumfikia. Na picha ya maiti iliyozunguka kwenye WhatsApp si ushahidi wa kifo, hata ukidhani umetambua shati.

Akitokea anayesema kweli, jambo linageuka. Wakipatikana mashahidi wawili waadilifu walioshuhudia kifo chake au maziko yake, na kadhi akawakubali, wewe ni mjane. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, nayo huhesabiwa tangu siku aliyokufa, si siku uliyopata habari. Alifariki mwaka 2022? Eda imekwisha, na mirathi inagawanywa. Lakini bila hukumu ya kifo, mali yake haigawanywi, na kwa faskhi wewe humrithi.

Hatua ya pili ni kadhi. Kambini anzia kwa imamu, akuandikie barua kwa Kadhi wa Wilaya aliye chini ya Baraza Kuu la Waislamu Uganda, UMSC. Imamu wa msikiti wa kambini, hata awe msomi, hana mamlaka ya kuvunja ndoa ya mtu. Unapokwenda, beba cheti cha ndoa kama kiliokoka. Kama kilibaki Kiwanja, walete watu waliohudhuria nikahi au waliowajua kama mume na mke. Beba karatasi ya familia ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, ile ya Msalaba Mwekundu, na barua ya mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, wa kijiji chako. Mashahidi wawili wanaume waadilifu wanatakiwa waseme mambo manne: wanamjua mume, wanajua ndoa, hajaleta chochote tangu mlipoachana, na hakuna mali yake wanayoijua ambayo kadhi angeweza kuitumia kukulisha. Hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Shahidi anakuja kusema "huyu dada anateseka", na hilo kadhi analiona kwa macho. Anachohitaji ni yale manne. Kisha wewe unaapa kwamba hukuachiwa wala kutumiwa matumizi, na kwamba hukumsamehe.

Katika vitabu vya Kishafi muhula baada ya kuthibiti kushindwa kwa mume kutoa matumizi ni siku 3, kisha faskhi. Kwa mtu aliyepotea, kadhi anaweza kuongeza muda na kutangaza tena, na ni vyema kuvumilia hilo, kwa sababu mume naye ana haki na huenda yuko mahali hana simu. Akishahukumu, omba hukumu iliyoandikwa, yenye tarehe, sahihi na muhuri. Ukitozwa ada, dai risiti.

Eda ya faskhi ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa bila hedhi, kuanzia siku ya hukumu. Ukifunguliwa ukiwa tohara, sehemu iliyobaki inahesabiwa kuwa tohara moja, na ukiingia hedhi ya tatu eda imekwisha. Ukifunguliwa ukiwa katika hedhi, inakwisha ukiingia hedhi ya nne. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi kabisa au aliyekoma kwa umri. Anayenyonyesha, au ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu inayojulikana, asijihesabie miezi, amweleze kadhi.

Kuhusu huyo ndugu jirani. Leo wewe ni mke wa mtu. Kukuposa ni haramu, kwa uwazi au kwa fumbo, na hata wewe kumwahidi. Ndani ya eda ya faskhi fumbo linaruhusiwa, posa ya wazi hairuhusiwi. Akitaka kusaidia watoto kwa unga au sabuni, apitishie kwa imamu au kwa mama mtu mzima wa jirani. Sisemi ana nia mbaya. Ila kambini nyumba zimekaribiana, na neno moja la mdomoni linaweza kufika kwa kadhi kabla yako na kuichelewesha haki yako. Na mkifunga nikahi kabla ya hukumu, mnatakiwa mtengane mara moja.

Kaka yako wa Kyangwali ndiye walii ikiwa baba na babu hawapo. Masafa kutoka Nakivale yanazidi kwa mbali masafa ya kupunguza swala, ambayo ni kilomita 80 na kitu, na kwa Washafi walii akiwa mbali kiasi hicho kadhi huozesha badala yake. Lakini kaka anapatikana kwa simu. Mpe heshima yake. Ampe wakala imamu au kadhi, mbele ya watu wanaoijua sauti yake, na iandikwe. Nikahi yenyewe isomwe watu wakiwa pamoja, mashahidi wakisikia ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali. Kama angekuwa hajulikani alipo, hadithi inasema mwenye mamlaka ni walii wa asiye na walii.

Utajiuliza: je, mume wa kwanza akirudi? Hii ndiyo sababu nyingine ya kupendelea faskhi. Kwa aliyehukumiwa kufa kisha akaonekana kuna khitilafu ndefu: Umar alimpa hiari kati ya mkewe na mahari, na Wamaliki wakaangalia kama mume wa pili ameshamwingilia. Faskhi iliyotolewa kwa ushahidi sahihi imeikata ndoa yenyewe. Si talaka, haipunguzi hesabu ya talaka, na haina rejea. Akirudi hata ndani ya eda, hawezi kukurudisha bila nikahi mpya, mahari mapya na ridhaa yako. Mahari aliyobakisha ni deni lake. Watoto wanabaki wa kwake kwa nasaba, na yeye, akipatikana, ndiye walii wa binti zake. Ukiolewa, haki yako ya malezi kwa Washafi huweza kuhamia kwa mama yako au ndugu wengine. Kama hawapo hapa, kadhi ana nafasi ya kuwaacha kwako, hasa mume mpya akiridhia. Ombeni hilo liandikwe siku hiyohiyo ya nikahi.

Mwisho ni karatasi. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, imezitaja mahakama za kadhi, lakini bunge halijatunga sheria ya kuziendesha, kwa hiyo usitarajie kadhi awe na nguvu za hakimu wa serikali. Ndoa na talaka za Kiislamu hata hivyo zinatambuliwa na kuandikishwa kwa sheria ya tangu 1906. Hukumu yako ipeleke OPM wakati wa uhakiki ili karatasi ya familia irekebishwe. Maafisa wakikuuliza habari za mume, sema "amepotea", usiseme "amekufa" kwa sababu mtu amekuambia ndivyo faili linavyokwenda haraka. Uongo huo utakufuata kwenye kila mahojiano, na mume akijiandikisha kambi nyingine majina yatagongana. Sheria ya ushahidi ya nchi hii humdhania mtu amekufa asiposikika miaka 7. Hiyo ni kwa mambo ya serikali kama mali, haikuvunjii nikahi.

Anza na Msalaba Mwekundu wiki hii. Wallahu aalam.